Taa ya Kulia ya Lori

Kiza kikishaingia kati ya Mtwapa na Kilifi, malori huanza kuzungumza kwa taa. Dereva wa gari dogo aliyebanwa nyuma ya lori la kokoto anachungulia mbele apate kupita. Lori linawasha indiketa ya kulia, naye anarudi nyuma yake bila kuuliza, maana ameshaambiwa kwamba kuna gari linakuja. Muda si muda indiketa ya kushoto inawaka: njia nyeupe, pita. Lugha hii haimo katika kitabu cha sheria. Madereva wamefundishana wenyewe kwa wenyewe, mkongwe na mwanafunzi wake, na leo karibu kila mwenyeji wa njia ya Mombasa kwenda Malindi anaielewa, hata abiria wa matatu aliyekaa mbele na kikapu chake mapajani.

Sasa mchukue dereva aliyejifunza kazi yake Kigali, Bujumbura, Goma au Milano, umweke nyuma ya lori lile lile. Kwao magari hushika upande wa kulia. Huko lori linalotaka kumpisha wa nyuma husogea kulia na kuwasha indiketa ya kulia. Taa iliyomwambia mwenyeji "ngoja" inamwambia mgeni "nimekupisha". Kila mmoja ameisoma sawasawa kwa lugha aliyofundishwa, na mbele yao kuna lori jingine linalotoka Kilifi.

Jambo hili laweza kuonekana dogo mpaka mtu ahesabu. Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi wanachama 8 tangu Somalia ilipojiunga mwaka 2024. Kenya, Uganda na Tanzania huendesha kushoto. Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia huendesha kulia. Yaani watano kati ya wanane wanaendesha upande ambao hapa ni upande wa kukutana uso kwa uso. Mgawanyiko huu ni urithi wa wakoloni kwa sehemu kubwa: Waingereza waliacha desturi yao, Wabelgiji wakaacha yao. Sudan ilihama kutoka kushoto kwenda kulia mwaka 1973, na Sudan Kusini ilipojitenga ikabaki na kulia. Ethiopia, ambayo si mwanachama lakini inapakana na Kenya, nayo ni ya kulia. Mipaka imefunguliwa kwa biashara, ushuru umepunguzwa, vituo vya pamoja vya forodha vimejengwa, lakini macho na mikono ya dereva havibadiliki kwa kugongewa muhuri.

Mfano ni Junju, wadi ya Kilifi Kusini iliyo katika ukanda wa barabara kuu ya Mombasa–Malindi. Anayepita kwa gari haoni Junju sana: anaona minazi, mkonge wa Vipingo, vibanda vya maembe na mabuyu, watoto wenye sare, bodaboda wakisubiri abiria kwenye steji. Mwenyeji naye anaona yanayopita. Kuna malori ya chumvi kutoka mashamba ya Gongoni na Marereni kule Magarini. Kuna ya saruji, maana Vipingo penyewe pana kiwanda cha saruji. Kuna ya kokoto na ya mawe ya kujengea yanayochongwa katika matimbo, na si bure kwamba jina la Timboni linarudiwa zaidi ya mara moja katika pwani hii. Kuna mabasi ya Lamu na Garissa. Na kuna magari ya kukodi yanayoelekea Watamu na Malindi, mengine yakiendeshwa na Mtaliano ambaye tangu apate leseni hajawahi kushika upande wa kushoto.

Wazee wa upande huu wanakumbuka kwamba hadi mwaka 1991 kila gari la kwenda Malindi lilisimama Kilifi kungoja feri. Daraja lilipofunguliwa, safari ikawa fupi na maisha yakawa mepesi, hilo halina ubishi. Ila feri ilikuwa na kazi moja ambayo haikuandikwa popote: ilimlazimisha kila dereva, mwenyeji na mgeni, kuzima injini, kushuka na kujinyoosha. Daraja halina kazi hiyo.

Na sasa barabara yenyewe inabadilika. Desemba 2019 Benki ya Maendeleo ya Afrika iliidhinisha mkopo wa zaidi ya dola milioni 384 kwa awamu ya kwanza ya barabara ya pwani itakayounganisha Bagamoyo, Tanga, Horohoro, Lunga Lunga, Mombasa na Malindi. Upande wa Kenya, awamu hiyo ni kipande cha Mombasa, Mtwapa na Kilifi, kilomita zisizofika 55, kinachopanuliwa, sehemu yake ikiwa njia mbili kila upande. Junju imo ndani ya kipande hicho. Mradi huu haukubuniwa kwa ajili ya watu wa kwenda sokoni Mtwapa peke yao. Ni ushoroba, na maana ya ushoroba ni kwamba wageni watakuja, wengi zaidi na kwa magari mazito zaidi. Swali la maana ni iwapo barabara itakuwa tayari kuzungumza nao.

Tatizo la mgeni huanzia kwenye kiti. Lori lililotengenezwa kwa nchi za kulia lina usukani upande wa kushoto. Likiingia Kenya, dereva anakaa kando ya nyasi badala ya kukaa kando ya mstari wa kati. Akitaka kulipita lori jingine hawezi kuchungulia. Ni lazima kwanza atoe karibu kichwa kizima cha lori kwenye njia ya wanaokuja, ndipo aone kama kuna anayekuja. Upande wake wa kulia, ambako ndiko magari madogo yanakompitia, vioo vyake vinaacha pengo kubwa linalotosha kumeza gari zima. Uingereza, ambako malori ya bara la Ulaya huvuka bahari na kukuta barabara za kushoto, ililijua pengo hilo kutokana na ajali za kugongana ubavu. Katikati ya miaka ya 2000 mamlaka ya barabara ya huko iliwagawia madereva wa kigeni, bure, lensi bapa za plastiki za kubandika kwenye dirisha la upande wa abiria, zinazoonyesha kilichojificha chini ya kioo. Hakuna aliyewahubiria. Walipewa kitu cha kubandika, wakaendelea na safari.

Baada ya kiti ni taa. Wengi hudhani taa za chini za gari humulika sawa kulia na kushoto. Sivyo. Zimetengenezwa ziinuke kidogo upande wa ukingo wa barabara, ili dereva aone mtembea kwa miguu, na zishuke upande wa wanaokuja ili zisiwachome macho. Lori la nchi ya kulia likiendeshwa kushoto, mpango huo unapinduka: mwanga unainuka kwenye macho ya anayekuja, na unashuka pale pale anapotembea mtoto aliyetumwa dukani. Dereva hajui, maana yeye anaona barabara vizuri. Anayekuja anamwashia taa kamili kwa hasira, naye anajibu kwa taa kamili, na kwa sekunde tatu au nne wote wawili ni vipofu. Dawa yake ni ya bei ndogo: baadhi ya taa zinaweza kurekebishwa na fundi, na nyingine huzibwa kipande kwa utepe maalumu. Ulaya, magari yanayovuka kwenda Uingereza hutakiwa kufanya hivyo. Vituo vya mpakani vya Afrika Mashariki hukagua karatasi za mzigo ukurasa kwa ukurasa. Kukagua taa mbili za mbele kungechukua muda wa kunywa kikombe cha kahawa.

Halafu kuna uzito. Sheria ya Jumuiya ya kudhibiti uzito wa magari inaruhusu hadi tani 56 kwa lori lenye ekseli saba. Mtu akisikia tani 56 anawaza lami kubonyea, na kweli mizani ya Mariakani iliwekwa kwa ajili ya kulinda lami. Lakini anayevuka barabara Junju anahitaji hesabu nyingine. Katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa, gari husafiri mita 22 kila sekunde. Dereva aliye macho huchukua sekunde moja na nusu hivi tangu aone hatari hadi mguu ukanyage breki, na hapo mita 33 zimeshapita bila kitu chochote kutokea. Kisha breki zinaanza kazi, na breki za upepo za lori huchelewa kidogo kuliko za gari dogo. Kwenye lami kavu, na breki nzima, lori hilo litasimama baada ya mita 80 hivi. Likiwa na mwendo wa 50, ambao ndio ukomo wa sheria ya Kenya ndani ya miji, litasimama kabla ya mita 40 au karibu na hapo.

Hesabu hiyo ina sehemu ambayo haisemwi vya kutosha. Pale mita ya 40, ambapo lori la mwendo wa 50 limeshasimama, lile la mwendo wa 80 ndiyo kwanza limeanza kushika breki, na bado linakwenda zaidi ya kilomita 70 kwa saa. Mtoto aliyesimama hapo katika kisa cha kwanza anatukanwa na utingo na kukimbia nyumbani. Katika kisa cha pili anazikwa.

Ndiyo maana ajali mbili za barabara kuu za Kenya, zote za mbali na pwani, zinastahili kusomwa kwa makini na watu wa Kilifi.

Usiku wa tarehe 10 Desemba 2016, eneo la Karai karibu na Naivasha, lori lenye namba za Uganda lililobeba kemikali ya kushika moto lilifika kwenye matuta, likamshinda dereva, likagonga magari mengine na kulipuka. Watu wapatao 40 walikufa, wakiwemo askari wa kikosi cha polisi cha GSU waliokuwa safarini. Wenyeji walilalamika kwamba matuta yale hayakuwa na alama. Mwenyeji huyajua matuta ya kwao kwa mgongo. Hupunguza mwendo gizani kwa mazoea tu. Mgeni huyajua yakiwa tayari chini ya gurudumu. Tuta lisilopakwa rangi wala kutangulizwa na kibao ni shimo lililopinduliwa, na anayeliweka bila alama ameweka mtego.

Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, kwenye njia panda ya Londiani katika kaunti ya Kericho, trela lenye namba za Rwanda liliacha njia na kupitia katikati ya matatu, bodaboda na wafanyabiashara waliokuwa wamepanga bidhaa zao kando ya lami. Waliokufa walizidi 50. Kwa siku kadhaa gumzo lilikuwa juu ya dereva na nchi yake. Serikali nayo, kupitia aliyekuwa Waziri wa Barabara na Uchukuzi Kipchumba Murkomen, ilisema wafanyabiashara wa kando ya barabara waondolewe. Yote mawili yanaeleweka. Ila dereva ni mmoja tu kati ya mambo yaliyokutana pale: kulikuwa na mteremko, kulikuwa na njia panda, kulikuwa na steji, na kulikuwa na soko, vyote mahali pamoja, na hakuna kitu cha chuma wala cha zege kilichosimama kati ya lori na watu.

Wepesi wa kumlaumu mgeni ndio unaopaswa kuogopwa zaidi. Tarehe 24 Machi 2021, eneo la Kizingo, kaunti hii hii ya Kilifi na barabara hii hii ya Mombasa–Malindi, basi na matatu viligongana na zaidi ya watu kumi wakafa. Hapakuwa na lori la kigeni. Kila mwaka barabara za Kenya huua zaidi ya watu 4,000, na kundi kubwa kuliko yote ni la watembea kwa miguu. Malori ya kigeni hayawezi kubeba mzigo wa hesabu hiyo yote. Tena ugeni wenyewe una ngazi. Dereva wa Eldoret anayeleta mahindi Malindi kwa mara ya kwanza ni mgeni Junju kama yule wa Kigali: hajui kwamba baada ya kona kuna shule, hajui kwamba saa kumi jioni wafanyakazi hutoka kiwandani kwa mkupuo, hajui ng'ombe wa nani huvuka wapi. Anachojua ni kile tu ambacho barabara imemwambia.

Na barabara ya Junju kwa miaka mingi imekuwa na maneno machache. Wahandisi wa Uholanzi walianza miaka ya 1990 kujenga kwa wazo kwamba barabara nzuri hujieleza: dereva akiitazama tu ajue mwendo unaotakiwa, bila kuhitaji kusoma wala kuwa mwenyeji. Mwaka 1997 Bunge la Sweden lilikwenda mbali zaidi na kuamua kwamba binadamu atakosea siku zote, kwa hiyo ni kazi ya aliyejenga barabara kuhakikisha kosa haliui. Sweden ina sababu ya kuelewa ugeni. Alfajiri ya tarehe 3 Septemba 1967 nchi nzima ilihama kutoka kushoto kwenda kulia, na kila mtu, hata mzaliwa wa mtaani, akawa mgeni kwa usiku mmoja. Ajali hazikuongezeka kama ilivyohofiwa. Zilipungua kwa muda, kwa sababu watu waliogopa na wakaenda polepole. Walipozoea, zikarudi.

Hofu haiwezi kupakwa kwenye lami, lakini kitu kinachofanana nayo kinaweza. Mahali barabara kuu inapoingia kwenye makazi, pawe na lango. Si lango la kufunga: ni njia kubanwa kidogo kwa ukingo wa zege, vibao viwili vya mwendo, kimoja kila upande, taa za barabarani zinazoanzia hapo, na mistari ya kutetemesha magurudumu kabla ya tuta la kwanza. Dereva wa lori akihisi usukani unatetemeka ameshaambiwa, hata kama amesinzia, hata kama hajui kusoma lugha yoyote. Tuta lenyewe lipakwe rangi, na lipakwe tena kila mvua za masika zinapomalizika, kwa sababu rangi ya mwaka juzi ni sawa na hakuna.

Vibao navyo vina lugha, na hapa pwani ina nafasi ambayo wenzetu wa Ulaya hawana. Maneno mengi kwenye vibao vya barabara za Kenya ni ya Kiingereza. Dereva wa Tanga, wa Bujumbura, wa Goma au wa Bukavu anaweza asijue Kiingereza hata kidogo, lakini Kiswahili anakijua. Ndicho anachotumia kuuliza bei ya chai na kumwita fundi wa magurudumu. "Shule. Punguza mwendo." Maneno matatu chini ya picha ya watoto yangewafikia wageni wengi zaidi kuliko kibao cha sasa, pamoja na wenyeji. Inashangaza kwamba jambo hili linahitaji kutetewa.

Kwa mgeni wa kitalii dawa ni nyingine, kwa sababu kosa lake lina saa na mahali pake. Mtu aliyezoea kulia hakosei katikati ya msongamano, maana magari mengine yanamwongoza. Anakosea anapoanza safari: anapotoka kwenye geti la hoteli asubuhi barabara ikiwa tupu, anapotoka kituo cha mafuta, anapokata kona kuingia njia pana. Mkono unafuata mazoea. New Zealand, ambayo hupokea wageni wengi wa kuendesha wenyewe, ilichora mishale mikubwa kwenye lami ya barabara za kitalii ikionyesha upande wa kushika, na kampuni za kukodisha magari zikabandika ukumbusho kwenye usukani. Kuanzia Kikambala hadi Vipingo, na kutoka njia panda ya Gede kwenda Watamu, mageti ya hoteli yanahesabika. Mshale mmoja wa rangi nyeupe kila geti, kwa gharama ya hoteli yenyewe, ni kazi ya siku moja. Anayepona mshale huo ukifanya kazi yake mara nyingi si mtalii, ni kijana wa bodaboda anayekuja upande wake halali.

Mgeni afundishwe pia ishara zisizoandikwa. Mzungu akiona matawi mabichi yamewekwa kwenye lami hudhani upepo umeyaangusha. Mwenyeji anajua kwamba hatua chache mbele lori limeharibika na limekaa kiza katikati ya njia. Sheria inataka pembetatu za kuakisi mwanga, na matawi ni akili ya watu walioachwa bila pembetatu. Ni akili nzuri, lakini haiakisi mwanga, na mara nyingi lori likishaondoka, matawi na mawe ya kuzuia magurudumu hubaki pale pale. Askari wa trafiki anayekagua lori angefanya vyema kuanza na kitu hiki: pembetatu mbili, na utepe wa kung'aa nyuma ya trela, uliooshwa vumbi la saruji.

Kuhusu uchovu, sheria ya Kenya iko wazi: dereva wa gari la biashara haruhusiwi kuendesha zaidi ya saa 8 katika kila saa 24. Lakini dereva anayelipwa kwa safari, si kwa siku, ana kila sababu ya kuongeza safari moja. Kutoka matimbo ya Kilifi hadi Mombasa ni mwendo wa saa moja na ushei, na ufupi huo ndio unaodanganya: safari ya tano haionekani kuwa ndefu. Wa masafa marefu naye hana pa kulala. Shirika la Ushoroba wa Kaskazini, lenye makao yake Mombasa, limekuwa likihimiza vituo vya mapumziko kando ya njia ya kwenda Malaba na Busia. Barabara ya pwani ingefaa kuwa navyo kabla malori hayajaanza kulala kwenye nyasi za Vipingo. Jumuiya imekwisha kuandaa mtaala mmoja wa kuwafunza madereva wa magari makubwa ya biashara. Ukitumika kwa dhati, lugha ya taa iliyoelezwa mwanzoni iwemo, na iwemo kama onyo: indiketa ya lori la mbele si ruhusa ya kupita, macho yako ndiyo ruhusa.

Adhabu nayo imfikie anayepita. Mgeni anayejua kwamba kesho atakuwa amevuka mpaka haogopi hati ya kuitwa mahakamani wiki ijayo. Uingereza ilianza mwaka 2009 kumtoza dereva asiye na anwani nchini amana ya papo hapo, vinginevyo gari halisogei. Katika Jumuiya yenye mipaka wazi, rekodi za makosa nazo zingepaswa kuvuka mpaka pamoja na lori, ili aliyepokonywa leseni Mombasa asiendelee kuendesha kwa leseni ya nchi jirani.

Na ajali ikitokea? Hapa watu wengi hupoteza haki yao kwa kutojua. Malori ya nchi za ukanda huu yanayovuka mipaka hubeba Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika. Ni bima ya kulipa watu waliodhurika katika nchi ya kigeni. Mpango huo ulianzishwa miaka ya 1980 na unazihusu Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Kongo, na hata Tanzania ambayo si mwanachama wa COMESA. Kwa Kenya unasimamiwa na shirika la Kenya Re. Maana yake ni kwamba familia ya Junju haihitaji kwenda Kigali kudai. Inahitaji namba ya kichwa cha lori na namba ya trela, ambazo mara nyingi hutofautiana, inahitaji namba ya kadi yenyewe, na inahitaji abstrakti ya polisi. Vijana wa steji ambao huwa wa kwanza kufika wana simu zenye kamera. Baada ya majeruhi kuondolewa, picha ya kadi hiyo ina thamani kuliko kumpiga dereva.

Pale zitakapojengwa, njia mbili kila upande zitapunguza kugongana uso kwa uso, hilo ni la kushukuru. Zitaongeza mwendo pia, na zitaongeza upana wa kuvuka. Barabara ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012, ilionyesha kwamba watu hawazunguki nusu kilomita kutafuta daraja la miguu. Wanaruka kizuizi cha kati na kukimbia, na wengi walikufa hivyo. Muuza maembe naye hatakwenda sokoni palipotengwa ikiwa magari hayasimami hapo. Soko lijengwe nyuma ya kituo cha matatu, hatua kadhaa ndani ya ukingo wa zege, mahali abiria anaposhuka. Na anayetaka kujua kivuko kiwekwe wapi hana haja ya kuanza na ramani. Afike Junju saa kumi na mbili asubuhi, watoto wanapokwenda shule. Pande zote mbili za lami ataona vijia vyembamba vilivyokatwa nyasini kwa miguu, kimoja kikitazamana na kingine, na hapo ndipo wanapovukia.